Fundi Anayeogopa Kitufe Kimoja

Fundi wa mashine za michezo ya video hana imani na macho yake mwenyewe. Aliumwa na nyoka zamani, sasa kila ung'ongo humshtua. Huandika amri ya Linux, ile ya kunakili diski ya zamani kwenye mpya, herufi kwa herufi, akinong'ona, kisha huinua kidole kutoka kwenye kibodi kama aliyegusa sufuria ya moto. Kompyuta huziita diski kwa herufi, na herufi hizo huweza kubadilika nyaya zikichomolewa. Ukizipishanisha, utupu wa diski mpya utaifuta ile ya zamani.

Leo diski ya zamani inakwaruza, dalili kwamba inakufa. Ndani yake mna mji wa mchezo ambao binti wa mteja ameujenga kwa miaka minne ya kuugua kitandani. "Ukiubomoa, fundi, utakwenda kumwambia mwenyewe," mama mtu alisema, akicheka mdomo tu.

"Nisomee namba iliyobandikwa kwenye hiyo mpya, mama. Polepole."

Akasoma. Fundi akailinganisha na ile iliyo kwenye kioo cha kompyuta. "Tena."

Akasoma tena. Diski ambayo amri ilikuwa tayari kuandika juu yake haikuwa hiyo. Ilikuwa ya binti.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Akaifuta amri yote, akaanza upya, akamwomba asome namba mara ya tatu. Alipobonyeza hatimaye, aliikalia mikono yake yote miwili.

"Mbona umeikalia mikono?"

"Isije ikagusa kitu," alisema, macho kwenye asilimia ya kwanza. "Na zimebaki saa tano."