Niambie Mkono Umekosea Wapi

Nakumbuka Jumatano moja pale Homa Bay, mwanangu, nikiwa na umri kama wako, mwalimu wangu wa upasuaji akinitukana mbele ya mgonjwa aliye macho. Nakusimulia kwa sababu juzi nilikuona ukitoka thieta ukifuta machozi, ukimwambia mwenzako kwamba ndivyo kazi hii inavyofundishwa. Sivyo. Nimeshona watu miaka mingi na bado nakataa.

Mgonjwa alikuwa mchimba dhahabu wa Osiri, ngiri ya kinena imemtesa mpaka hawezi kushuka shimoni. Alichomwa sindano ya mgongo, akafa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, ila masikio yake yalikuwa mazima. Mimi nilikuwa nafunga mshipa mdogo wa damu. Fundo likateleza. Nikafunga tena, likateleza tena, na damu ikaanza kujaa kwenye kidonda.

"Wewe nyako, msichana wa Sori, unavuta uzi kama mnavyovuta nyavu kwenu!" mwalimu akafoka. "Nani alikudanganya utakuwa daktari wa upasuaji?"

Nikajibu, "Ndiyo, daktari." Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, kubwa kuliko lile fundo. Miezi minne nilikuwa naitikia kila tusi hivyo hivyo, wala sijui nakosea wapi. Nilidhani kuvumilia ni adabu. Kumbe nilikuwa naficha ujinga wangu, na wa kuumia ni yule aliyelala mezani.

Mchimbaji ndiye aliyenizindua. Kutoka nyuma ya shuka la kijani akasema, "Daktari, mimi nasikia nyinyi. Hii mwili ni yangu. Mwambie huyu msichana kosa yake, aache kukosea kwa mimi."

Mwalimu alikuwa amekandamiza kidonda kwa kitambaa, damu imetulia. Akaninyooshea mkono nimpe uzi. Kama damu ingekuwa bado inatoka ningempa mara moja, lakini ilikuwa imetulia, basi sikumpa.

"Daktari, matusi nimeyasikia," nikasema. "Sasa niambie mkono umekosea wapi, nifunge mwenyewe."

Sista aliinamia vyombo vyake kama hayupo. Mwalimu akanikodolea macho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Unainua uzi. Ukiinua, unang'oa mshipa. Teremsha kidole mpaka kwenye fundo, ukaze huko huko chini."

Nikateremsha kidole, nikakaza. Alipoondoa kitambaa, kidonda kilikuwa kikavu. Miezi minne ya kelele, na somo lenyewe halikumaliza hata dakika! Nilikasirika kuliko nilivyofurahi.

Aliniadhibu wiki mbili, nikawa wa kushikilia vyuma vya kupanua kidonda tu. Nilivishika kichwa juu. Alistaafu bila kuniomba msamaha, na mimi sikumwomba.

Basi nisikilize. Ukikosolewa usinune, maana ukweli, hata ukikuuma, ni haki yako kuupata. Lakini tusi si somo. Uliza kosa ni lipi na ufanye nini badala yake, uliza hata sauti ikikukatika. Wakikuita mjeuri, itika. Na siku utakapokuwa wewe mwalimu, mwanafunzi wako asiondoke mezani bila kujua amefanya nini vizuri na arekebishe nini. Mungu aitulize mikono yako, aulinde ulimi wako, na kila utakayempasua ainuke arudi kwao.