Jezi ya Ukutani

Fundi wetu wa jezi hapa Roret haamini rangi ndani ya duka. Kabla ya kushona jina la mchezaji, hutoka na kitambaa kitakachobeba jina hilo hadi juani, akakiweka juu ya jezi kwa vidole vyenye weusi wa majani chai, akafinya jicho moja, kisha akasema polepole, "Hapana. Hiki bado kipya." Jezi za timu yetu ya voliboli zimefuliwa miaka tisa, na nyekundu yake iliyopauka haiuzwi popote. Jezi ya fundi mwenyewe, ya wakati alipoichezea timu hii, imetundikwa ukutani nyuma ya cherehani ndani ya nailoni, kifua kikitutazama. Ukiigusa, anakuchapa na rula.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea jezi ya Chepkurui, mchezaji wetu mpya, maana mechi ilikuwa saa nane. Vitambaa sita vilienda juani, vyote sita akavikataa. "Fundi, shona chochote tu," nikamwomba. Akashusha ile ya ukutani, akaigeuza. Nikashika mdomo. Haikuwa na mgongo! Watano wetu tulikuwa tumeuvaa, kila mmoja kipande chake chini ya jina lake, bila kujua. Kilichobaki ni kile chenye jina la fundi mwenyewe. Akachukua wembe, akaanza kufumua herufi moja moja.

"Fundi! Si hilo ni jina lako?"

"Kwani mimi nacheza leo?" Akatoka nacho juani, akafinya jicho. "Hiki ndicho."