Fahali Aliyepumzishwa

Niliporudi kutoka masomoni Uganda nilipelekwa Bagamoyo kutafuta kwa nini nyama ya machinjioni iliharibika kabla ya adhuhuri. Kila mtu alikuwa na jibu: joto, nzi, husuda. Sikuamini hata moja. Nilikuwa nimesoma kwamba mnyama aliyeteswa kabla ya kufa hutoa nyama nyeusi, yenye kunata, isiyodumu. Na ng'ombe wetu walitoka Lugoba kwa miguu, wakipigwa njia nzima. Ungewachuna, ungeona kila fimbo ilipotua, damu imevilia chini ya ngozi.

Nikamwomba mchinjaji, mzee ambaye mji mzima ulikula kwa kisu chake, mafahali wawili wa safari moja. Mmoja alichinjwa siku ileile. Wa pili nilitaka apumzike kutwa kwa maji na majani, kisha nilinganishe nyama zao.

"Kwa hiyo huyu atakufa kwa raha?" aliuliza mzee.

"Nyama yake ndiyo itakayodumu, mzee."

Mswagaji aliyewaleta, Mkwere mmoja mwenye mikono minene kama michi, alicheka. "Msomi, mimi simpigi kwa chuki. Nampiga asikumbuke kuwa ana pembe. Mpe siku moja ya maji, uone."

Niliyaandika maneno hayo daftarini kama mfano wa ujinga.

Kesho yake asubuhi mswagaji aliingia zizini na kamba. Fahali hakumsubiri. Pembe ilizama pajani, ikamnyanyua, ikambwaga ukutani, kisha ikamrudia pale chini. Nilisikia mfupa ukivunjika. Shoka la kupasulia mifupa lilikuwa karibu. Nililishika nikampiga fahali kisogoni. Akapiga magoti. Nikampiga tena. Alianguka ubavu nami nikaendelea, damu ikiniingia mdomoni, hadi mzee aliponisukuma kwa bega, akatamka jina la Mungu na kumpitishia kisu shingoni.

Damu haikuruka. Ilitoka polepole.

Watu walimbeba mswagaji kwenye kitanda cha kamba kumpeleka hospitali. Alikuwa akinitukana kwa Kikwere, na hilo lilinipa matumaini. Nje ya ukuta wanawake walingoja na vikapu, wasione kitu. Mzee hakuwa na ng'ombe mwingine wiki ile.

Alinisogelea. "Mimi nilifika mwishoni. Wewe ulikuwa juu yake. Kabla ya kisu changu, alikuwa hai?"

Nilijua jibu la kumwokolea fahali wake. Lilikuwa jibu la kuokoa utafiti wangu pia, maana nyama ingeuzwa nami ningeona inadumu hadi lini.

"Alitikisa mguu?" aliuliza. "Jicho je?"

"Sijui, mzee. Sikuacha kupiga ili nitazame."

Alipangusa kisu, akatoka nje.

"Kibudu," aliwaambia wanawake.

"Nyama yote, babu?" mwanamke mmoja aliuliza. "Hata maini?"

"Hata kwato, mjukuu wangu. Leo kuleni dagaa."

Walisonya, wakaondoka. Mzee alirudi na majembe mawili. Kabla hatujamfukia aliniacha nichane paja la fahali. Nyama ilikuwa nyeusi, yenye kunata, sawa na ya mwenzake wa jana. Safari hii aliyemtesa kabla ya kufa nilikuwa mimi. Tulichimba mpaka kiunoni, kwa kuwa mbwa wa Bagamoyo wanajua kufukua.