Siwa Haikuingia

Mume wangu kazi yake ni kubeba siwa, lile rungu la dhahabu la Mfalme. Usicheke. Isipowekwa mezani, wabunge wapige kelele mpaka kesho, hiyo ni soga, si kikao. Mimi napika chai humo humo bungeni, na miaka yote tumebishana, yeye ataka mfalme, mimi nataka rais.

"Mama watoto, rais akilewa madaraka nani atamzuia? Mfalme hagombei kitu, ndiyo maana analinda kura zetu."

"Mfalme hukumchagua, hutamfukuza! Bora rais, nikimchoka namng'oa kwa kura."

Jumatano ile waziri mkuu alitaka wabunge wapitishe sheria ya kufuta uchaguzi. Wengi alishawaweka mfukoni. Ukumbi umejaa, askari mlangoni, na mume wangu kasimama koridoni, siwa begani, hasogei. Kwa desturi, Mfalme ndiye hutuma neno, "Ingia." Bila hilo siwa haiingii.

Nilikuwa na birika. Chai ikanimwagikia miguuni. Na mimi, mpinga ufalme mkubwa, moyoni nilikuwa namsihi Mfalme huyo huyo: baba, kataa!

Simu ikaja. Katibu wa Bunge akamwekea sikioni. Mume wangu akasikiliza, uso ukamsawijika.

"Kasema nini?" nikapayuka.

"Kasema niingie."

Lo! Kumbe naye anaogopa kupoteza kiti chake. Waziri mkuu, aliyekuwa kasimama mlangoni akisubiri, akacheka. "Haya mzee wangu, twende, tusicheleweshane."

Mume wangu akavua glavu zake nyeupe, akanipa. Kisha akaketi sakafuni, siwa kaikumbatia.

"Mimi simo," akasema.

Askari wakamvuta. Hakuachia. Wakamburuta na siwa yake, shati likapanda mgongoni, nami napiga mayowe, "Mwacheni, ana presha!" Wabunge wakatoka kuchungulia. Mmoja wa chama cha waziri mkuu akamtazama yule mzee sakafuni, akainamisha kichwa, akaenda zake nyumbani. Akafuata mwingine, na mwingine. Akidi ikavunjika. Sheria ikafa hapo hapo.

Nilipomtembelea rumande nilimuuliza, hasira zimenijaa, "Haya, Mfalme wako yuko wapi?"

"Na rais wako angefanya nini?"

Nikalia tu.

Uchaguzi ulifanyika. Nilipanga foleni peke yangu. Mahabusu hawapigi kura.