Nilivyotafsiri posa ya Mjapani hapa Joburg, kitenzi kikachelewa kufika

Wakuu, heshima zenu.

Tangu Jumamosi nacheka peke yangu kama chizi, nikaona bora nilete humu tucheke wote. Haya yamenikuta mwenyewe. Sijatia chumvi, majina tu ndiyo nimebadili.

Mimi ni Mbongo wa Morogoro, naishi La Rochelle, kusini mwa Johannesburg. Kazini ni Randburg, ofisi inayouza na kutengeneza cherehani za viwandani kutoka Japani.

Fundi wetu mkuu ni Mjapani, tumwite Takeshi. Kijapani changu nimekipata kwake. Tulianza na majina ya vyuma, tukaja kwenye matani, mwisho tukawa tunapiga stori za kwao na kwetu.

Jirani yangu Neema ni fundi nguo, Mkongo wa Bukavu. Siku moja akaleta cherehani yake mbovu ofisini. Takeshi akaitengeneza. Baada ya siku chache ikaharibika tena. Ikatengenezwa. Ikaharibika tena.

Wakuu, cherehani haiharibiki hivyo. Mnaelewa wenyewe.

Basi mambo yakaiva, wazazi wa Takeshi wakapanda ndege kuja kuposa. Shida ni moja: wazee wale hawajui Kiingereza, na wazee wa Neema wanajua Kiswahili na Kifaransa tu.

Takeshi akasema atatafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, Neema amalizie kwa Kiswahili. Baba mdogo wa Neema, Papa Bahati, akakataa katakata.

"Bwana harusi atajitafsiria posa yake? Atatuambia yale anapenda yeye! Atafutwe mtu mwingine."

Mtu mwingine nikawa mimi.

Kabla sijaendelea, niwape picha kidogo ya huu mtihani.

Kiswahili kinakupa jibu mlangoni. Mtu akianza tu na "sita...", ushajua hupewi kitu, hata kabla hajataja kitu chenyewe.

Kijapani ni kinyume. Wanakushushia kwanza nani, wapi, na nani, kuhusu nini, halafu kitenzi ndiyo kinafunga msafara. Na ile "hapana" yao iko kwenye mkia wa kitenzi. Maana yake mkalimani umebeba mizigo yote kichwani, na hujui uitue wapi mpaka mzee amalize sentensi.

Kwenye cherehani hilo halikunisumbua kamwe. Kwenye ndoa ya mtu, eish!

Jumamosi ikafika. Sebule ya kina Neema imejaa. Jikoni sombe, kisamvu cha Wakongo, inanukia mpaka barabarani. Takeshi ameambiwa akae kimya, na kweli amekaa kimya, jasho linamtoka ndani ya suti. Neema yuko chumbani na mashangazi, mlango umeachwa wazi kidogo ili wasikie.

Baba yake Takeshi akasimama. Mzee mrefu, mpole. Akaanza kuongea taratibu, na kila akivuta pumzi mkewe anaitikia: "Hai. Hai."

Shangazi mmoja akachungulia mlangoni, akaninong'oneza: "Anasema hai? Kwani nani alikuwa amekufa?"

Nikamwambia kwao "hai" ni kuitikia, kama sisi tunavyosema "naam" mtu akiwa anaongea. Shangazi akarudi ndani kutoa taarifa, nikasikia kicheko.

Mzee akaendelea vizuri. Shukrani, safari, chakula. Nikawa natafsiri kipande kwa kipande, nikaanza kujiona mjuzi.

Ndipo akafika kwenye jambo lenyewe. Akasema: "Musuko ga tooi kuni de kekkon suru koto ni, watashidomo wa, hantai shiyou to wa..."

Akasimama hapo. Machozi yalikuwa yamemjaa, akawa anatafuta leso.

Yaani mpaka hapo nilikuwa na "mwanetu kuoa nchi ya mbali", nina "sisi", nina "kupinga". Kitenzi cha kufunga sina. Sebule nzima inanitazama mdomoni.

"Eko anasema nini?" Papa Bahati akauliza. "Mais ongea basi, kijana! Unaficha nini?"

Nikababaika. Nikasema: "Anasema... mwana wao kuoa nchi ya mbali, wao... kupinga..."

Wakuu, palipoa.

Papa Bahati akaweka glasi chini. Mama Neema akashika kifua. Kule chumbani nikasikia Neema anasema "Yesu wangu." Takeshi Kiswahili chake ni cha salamu tu, lakini nyuso zile alizisoma. Akanikazia macho, mdomo wazi.

Mzee akapata leso. Akajifuta. Akamalizia:

"...ichido mo omoimasen deshita."

Nikaruka kwenye kiti. "Hawakuwahi! Kupinga hawakuwahi kuwaza, hata mara moja! Hata mara moja!"

Vigelegele vilivyotoka kule chumbani, jirani wa ng'ambo ya barabara alitoka nje kuangalia.

Papa Bahati akacheka mpaka akakohoa. Akasimama kujibu, na hapo nikakutana na mtihani wa pili. Akasema: "Hatumpi mgeni binti yetu. Tunampa huyu Takeshi, mtoto wetu mwingine."

Safari hii jibu ninalo mimi toka mwanzo, ila kwa Kijapani lazima nilibebe mpaka mwisho! Nikaanza: binti yetu, mtu wa nje, kumpa... Mama yake Takeshi ananitazama, mkono mdomoni, hapumui. Nikafika kwenye "dewa arimasen", kwamba si hivyo, nikaongeza "mtoto wetu mwingine".

Mama yule akalia. Akanyanyuka, akamkumbatia Mama Neema, wakawa wanaongea wote wawili kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha yake. Hakuna aliyeniomba nitafsiri.

Wakati wa kula nikamuuliza Takeshi kwa Kijapani: ninyi wenyewe mnasubirije muda wote huo bila presha?

Akacheka. "Hatusubiri na kichwa kitupu. Tunakisia njia nzima. Baba aliposema 'to wa', mimi nilishajua 'hapana' inakuja. Nilichoogopa ni uso wa baba mkwe."

Kumbe vile viherufi nilivyokuwa navidharau ndivyo vinavyompa mwenye lugha dalili mapema. Mimi nilikuwa nahesabu maneno, yeye anasikiliza mwendo.

Nilichojifunza: usimkatize mtu anayelia. Na ukijifunza lugha, usihamishe maneno tu, jifunze na mahali wenyewe wanapovutia pumzi.

Sasa nyie mnaojua lugha za huko. Dada mmoja Mchina anayeuza zipu mjini kati aliniambia kwao kitenzi kinakaa katikati kama kwetu, kazi iko kwenye kupandisha na kushusha sauti. Nasikia Wakorea nao wanakiweka mwisho. Wa Kihindi je? Vichwa vyenu hufanyaje kazi mtu akiongea, mnakisia au mnangoja?

Shusheni uzoefu. Mimi narudi kwenye sombe, Mama Neema kanifungia bakuli zima, na amesema ubatizo wa mtoto wa kwanza mkalimani ni huyuhuyu.