Likizo ya Kupunguza Kilo

Nikiwa darasa la sita huko Kitale, nesi alikuja shuleni kutupima. Nilipopanda mizani yake, mshale ulikimbia hata akaugonga kwa kidole, akidhani umekwama. Akaniandikia barua ya nyumbani: uzito wangu umepita umri wangu, na nisipoangaliwa huenda nikakua nao.

Baba aliisoma kwenye kochi huku akitafuna njugu. "Huu ni mwili wa ukoo," alisema. "Hata mimi nilikuwa hivi. Na si nilikua?"

"Ulikua kila upande," mama akajibu.

Mama ndiye aliyekata shauri. Likizo ya Agosti ningeenda Sirisia kwa kukhu, mamake baba, nikalime na kuchota maji mpaka nipungue. Maagizo aliyaandika kwenye karatasi na kunikabidhi: chapati asipewe, uji usitiwe sukari, sahani ya pili ni mwiko.

Macho ya kukhu hayakuona herufi tena. "Nisomee, mjukuu wangu," aliniambia.

Nikakohoa kidogo, nikasoma: "Mama, mtoto huyu amekuwa dhaifu sana. Tafadhali ale vizuri. Chapati anazipenda."

Kukhu alinishika mashavu yangu yote mawili, yakajaa viganja vyake. "Dhaifu kweli," akasema kwa huruma. "Kula, mtoto. Kula ushibe." Nami nilitii. Jembe nililiona likiwa limeegemea ukuta, na hapo ndipo nilipoliacha.

Jumapili ya pili baba akaja kuona maendeleo. Alinikuta na paja la kuku mkononi.

"Mama, hii ni nini?"

"Nafuata barua ya bibi yako," kukhu akamwambia, na kumtolea ile karatasi.

Baba aliisoma kimya. Akanitazama juu ya karatasi, nami nikaacha kutafuna. Kisha akaikunja na kuitia mfukoni. "Imeandikwa vizuri," alisema. "Kuna sahani nyingine?"

Nilirudi nyumbani sketi ikifungwa kwa pini. Mama alitupeleka mimi na baba moja kwa moja hadi mji wa Kwanza, kwenye stoo ya baba ya mahindi, akaniamuru nipande mizani ya magunia. Baba alisimama nyuma yangu kama mtu asiye na neno, akashika sweta yangu na kuivuta juu taratibu.

"Ona, amepungua!" akasema.

"Ondoa mkono."

Aliuondoa. Mama akasoma kipimo, akasoma tena, kisha akataka kujua maagizo yake yalifika wapi. Nilikiri yote. Baba alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akaegemea ukuta, nami nikamfuata.

Mama hakucheka. Alikaa juu ya gunia, akasema polepole, "Chekeni tu. Mimi ndiye nitawauguza."

Miaka michache baadaye, baba alipatikana na ugonjwa wa sukari. Mimi nilipokua niliajiriwa Bungoma, na huko daktari aliniambia presha yangu imepanda kabla sijafika miaka ishirini na tano. Aliniuliza kama nilikuwa mnene utotoni, na kama kwetu kuna mwingine.

"Daktari, uliza kama kuna mwembamba," nilimjibu.

Alitabasamu, lakini alieleza. Mtoto mnene mara nyingi hukua na unene wake. Mwili tunaurithi, na pamoja nao twarithi meza: jinsi ya kupakua, jinsi ya kufurahi, hata jinsi ya kusema pole. Nilitoka pale nikiwa nimeamua kutembea, na kumtembeza baba pia.

Tangu hapo, kila Jumamosi nilirudi Kitale, na jioni mimi na baba tulizunguka mtaa wetu wa Tuwan kwa miguu. Sikuwahi kuwa mwembamba, ila presha ilishuka. Baba naye alilalamika kila kona.

"Ati mtu anatembea na haendi mahali, bana!"

"Tugeuke basi?"

"Nani amesema tugeuke?" alinijibu akihema, na kuendelea mbele yangu.