Dhahabu Kwenye Kaseti ya Mabula

Naikumbuka siku moja pale Rwamgasa, mwanangu, ingawa ningefurahi kuisahau. Jana uliponionyesha mashine uliyoiunganisha mwenyewe, yenye maelfu ya gemu ndani ya kadi ndogo kama ukucha, ulinuna kwa sababu sikushangilia. Kisha ukaniomba zile kaseti zangu kuukuu za gemu ukazichome, maana umesikia huko machimboni kwamba meno yake, vile vibati vya kuchomekea, yana dhahabu. Basi kaa, nikueleze.

Kaka yangu Mabula, baba yako mkubwa, alikuwa na kibanda cha gemu. Televisheni moja, jenereta, na mashine ya kaseti. Wachimbaji walitoka maduarani, mle mashimoni mwao, na matope yao, wakashika pedi za kuchezea, wakasahau shida. Usidhani nasifia ya kale. Kaseti moja, gemu moja. Vumbi la Rwamgasa likiingia, picha inakataa; unaichomoa, unapuliza meno, unairudisha, unamwomba Mungu. Yako inachajiwa kwa sola, na hata ikizimika ghafla inakumbuka ulipoishia. Ni bora, nakubali, wala usinifanye mshamba.

Kaseti moja tu ilikuwa na kijibetri ndani cha kukumbuka ulipofika. Hiyo Mabula hakumwachia mteja. Aliandika jina lake humo, akamfikisha mtu wake wa kwenye gemu mpaka mlango wa mji wa mwisho, akasema ataingia Jumapili. Masika yale wateja walipungua, akashuka duarani kusaidia kuvuta mawe. Udongo ukaporomoka. Jumapili tulikuwa matangani.

Mama, yaani bibi yako, hakujua kusoma. Lakini kila jioni aliniita: "Niwashie, nimwone alipofikia." Nawasha, yule mtu mdogo amesimama mlangoni, jina la Mabula juu yake. Mama anatazama, anaridhika, ananiambia nizime. Sikuwahi kubonyeza hata kitufe kimoja.

Mjomba wangu Jilala, ndugu yake mama, kazi yake ilikuwa kuchoma dhahabu kwa zebaki. Mtu aliyezoea zebaki haoni kitu, mwanangu, anaona rangi ya dhahabu tu. Alikuja siku nimekwenda Shinyanga kutafuta spea ya jenereta. Akaiona kaseti juu ya televisheni, meno yanang'aa. Akaivunja, akakwangua, akachoma kwenye karai. Niliporudi nilikuta moshi, na mama amekaa chini. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Jilala," mama alisema, "mwanangu alikuwa amesimama mlangoni. Umempeleka wapi?"

"Dada, si plastiki tu ile? Nitakununulia nyingine."

Alichopata hakikutosha kununua chumvi. Na kweli alituletea nyingine, gemu ileile, mpya kabisa. Nikaiwasha. Mahali pa jina palikuwa patupu. Mama akaniambia nizime, na tangu siku hiyo hakuniita tena. Mjomba nilimwamkia shikamoo mpaka akafa, maana mkubwa ni mkubwa, lakini sikumsamehe, na hata leo sijamsamehe. Nakwambia kama ilivyo, sitaki kujipamba mbele yako.

Gemu hiyo imo kwenye mashine yako. Niliitafuta jana ulipotoka. Inaanza mwanzo.

Kwa hiyo zile kaseti zilizobaki zichukue, zichome ukitaka. Hazina mtu ndani, na mimi silii kwa ajili ya plastiki. Nasaha yangu ni hii: kipya kitakupa gemu zote za dunia, lakini alichokiacha marehemu kwa mkono wake hakipo dukani. Kabla hujavunja kitu cha mwenzako kwa sababu kinang'aa, muulize kinamwekea nini. Usipouliza utajuta, na maji yakimwagika hayazoleki. Watu husema tamaa mbele, mauti nyuma. Kwetu mauti yalitangulia, tamaa ikaja nyuma kuchukua kilichobaki.

Haya, nenda machimboni kwako. Mungu akulinde na udongo wa Rwamgasa, kila ukishuka akupandishe, na mama yako asije akaomba kuwashiwa televisheni ili akuone.